Chumba cha chakula cha wanafunzi: wenye shida wanaona haya kuja, tufanyeje?

Binti_Tunguu: Assalaam alaykum wanajukwaa. Jumuiya yetu ina chumba cha chakula karibu na dahalia (bweni): mchele, unga, maharage, mafuta. Wanaokuja ni wale wale wachache. Wenye njaa hasa hawapiti hata mlangoni. Anayechukua husaini daftari, na wafadhili hutaka picha. Tubadilishe nini bila ya kuvuruga hesabu?

Mpemba_wa_Wete: Waalaykum salaam. Dada, ushajijibu: daftari na picha. Ondoeni vyote viwili. Mfadhili apewe risiti na picha ya magunia. Hesabu fanyeni kwa akiba: kilichokuwepo Jumamosi pamoja na kilichoingia, toa kilichobaki Ijumaa. Mkitaka idadi ya watu, wekeni kopo na kokoto, kila anayechukua atie moja.

Maalim_Rafu: Na kibao je? Kama kimeandikwa "Msaada kwa Wasiojiweza", nani ataingia mchana kweupe? Andikeni "Chumba cha Wanafunzi", na humo humo muweke fotokopi na pa kuchajia simu. Anayetoka hajulikani alifuata nini. Fungeni kilo moja moja iingie ndani ya mkoba wa vitabu. Mfuko wa kilo tano unaonekana toka barabarani. Zamu wasikae viongozi wa darasa, maana hao ndio mwenye haya anaowakimbia.

Siti_Jang'ombe: Msigawe vifurushi, wekeni rafu mtu achague. Aliyepanga chumba ana jiko dogo la umeme; maharage ya saa mbili yatammalizia Tukuza yake (umeme wa kulipia kabla). Choroko huiva upesi zaidi, na dagaa na mayai ndiyo kabisa. Kiwango cha wiki kibandikwe ukutani asilazimike kuuliza: mchele kilo 2, choroko nusu kilo, mafuta nusu lita, mayai 6.

Halafu magunia yakae juu ya chaga, shubiri moja mbali na ukuta, na kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Masika unga hushika uvundo na maharage huingia fukusi. Mtu akifungua akakuta wadudu ataona kapewa cha kutupwa, na harudi tena.

Binti_Tunguu: Wasio na shida wakichota?

Mpemba_wa_Wete: Watachota wachache, kiwango cha wiki kitawabana. Ukianza kumhoji mtu kipato cha babake, mjanja atajieleza vizuri tu. Utakayempoteza ni mwenye haya. Suratul Baqara aya ya 273 inawataja hao hao, asiyewajua huwadhani matajiri kwa vile wanavyojizuia kuomba. Fomu haiwapati.

Binti_Tunguu: Nimekufahamuni. Ila friji hatuna, mayai yatakaaje?

Siti_Jang'ombe: Nunueni ya wiki moja tu, msiyaoshe, yakae kivulini penye upepo. Likielea ndani ya maji, litupeni.