Jina la biashara yako ulilipataje? Tupeane uzoefu

Ndugu zangu, habari za jioni. Mungu akipenda, mwezi ujao nafungua mgahawa mdogo wa supu na chapati hapa Msamvu, Morogoro, jirani na stendi. Masufuria ninayo, jiko la gesi lipo, viti vya plastiki nimeshalipia. Jina ndilo linaninyima usingizi. Daftarini nimeandika majina 31, na kila nikiamka nakuta nimeyachoka yote. Mume wangu anataka tuunganishe herufi za watoto. Nyie wenye maduka, saluni na magenge, yenu mliyapataje? Na waliokosea, walikosea wapi? Naomba yale yaliyowakuta wenyewe.

Fundi cherehani, Iringa

Dada, mimi nilianza na jina la Kizungu la maneno matatu. Kwenye karatasi lilipendeza sana. Mwaka mzima ukapita, sikusikia mteja hata mmoja akilitamka. Siku moja nipo ndani napiga pasi gauni la sendofu, nikasikia mama mmoja barazani anamwelekeza mwenzake kwenye simu: "Njoo mpaka kwa fundi wa mlango wa bluu, ukiuliza hivyo unaletwa." Mlango wenyewe niliupaka bluu kwa kuwa kaka yangu alibakiza rangi kazini kwake. Nilibaki nimeshika pasi, nikaelewa kwamba duka langu lina jina siku nyingi, ila waliolitoa ni wateja. Wiki ile ile nikashusha bango. Leo ni Mlango wa Bluu mpaka kwenye risiti. Si ajabu, hata Kwa Aziz Ali kule Temeke ni jina la mtu lililozoeleka midomoni mwa watu hadi likawa jina la mtaa.

Muuza daftari na sare, Dodoma

Kuhusu herufi za watoto, msikilize shemeji lakini ongeeni kwanza. Sisi tuliunganisha za watoto wanne. Baadaye Mungu akatujalia wa tano. Mwaka jana ameanza kusoma, nikamkuta amesimama chini ya bango ananyoosha kidole, anatafuta herufi yake. Nilimbeba nikaingia naye ndani. Sijapata cha kumwambia mpaka leo.

Mchora mabango, Mwanza

Niongee kwa niaba ya brashi. Watu huniletea jina refu, wanataka na "Enterprises" na "General Supplies", na chini yake namba mbili za simu, halafu ukuta una mita mbili tu. Nikigawanya, kila herufi inatoka ndogo, na mtu aliyeko kwenye daladala anapita hajasoma kitu. Siku hizi kabla sijafungua kopo namwomba mteja avuke barabara, namwandikia jina kwa chaki, namwambia asome akiwa kule. Wengi wanarudi wamelikata wenyewe. Mzee mmoja wa duka la nyavu alirudi na neno moja, Sangara, na nililichora kwa herufi za urefu wa mkono wangu. Wavuvi wanaliona tangu ziwani. Katika kazi zangu zote, ile ndiyo ninayoipitia kuitazama.

Dada, majina yako 31 yaandike kwa chaki ukutani. Yatapungua.

Mama wa viungo vya pilau, Tanga

Mimi kosa langu ni haraka. Nilichapisha pakiti 500 kabla ya kutafuta jina kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa kusajili biashara. Kumbe lina mwenyewe. Nilikaa sebuleni usiku na wanangu tunabandika karatasi mpya juu ya kila pakiti. Tafuta jina kwanza, ndipo uchape. Na jambo jingine nililochelewa kulijua: kusajili jina la biashara ni kitu kimoja, alama ya biashara ni kingine. Alama ndiyo inayokulinda mtu asiuze bidhaa kama zako kwa jina lako. Huku Bara inadumu miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Walioko Zanzibar wana wakala wao.

Muuza viazi karai, Mombasa

Shoga yangu, mie kabla ya kuingia eCitizen, mtandao wa serikali yetu ya Kenya, kusajili jina, niliwaomba wateja kumi waandike jina nilitakalo kama walivyolisikia. Nilikuwa nataka Ladha. Wanne wakaandika Radha. Nikaliacha japo nilikuwa nalipenda, maana mtu akikutafuta kwenye simu kwa herufi isiyo yako hakupati.

Mwenye mgahawa, Msamvu

Nimerudi, na nimewasoma kila mmoja, asanteni mno. Jana niliandika kwa chaki ukuta mzima, yakabaki mawili. Mume wangu amekubali mambo ya herufi tuyaache. Kisa cha mtoto wa Dodoma kilimgusa. Leo saa kumi na moja alfajiri nikampigia bodaboda asiyenifahamu, mabasi yananguruma nyuma yake, nikamwambia aniletee mzigo wa unga Supu ya Alfajiri, nyuma ya stendi. Akauliza mara moja tu, "Supu ya Alfajiri?" Nikasema ndiyo. Alipofika hapakuwa na bango, ni mimi tu na sufuria linatoa mvuke, akasema, "Bila shaka ni hapa."

Sasa hivi nafungua mfumo nitazame kama lina mwenyewe.