Naomba ushauri: kura za genge zinaniharibia saiti

Habari zenu wakuu. Niko Kampala, mimi na jamaa yangu wa Arua tumetengeneza kasaiti ka habari ambako watu wenyewe wanaleta linki na kuzipigia kura, yenye kura nyingi inapanda juu, kama Reddit vile.

Mwanzo habari ya juzi ilikuwa inakaa juu tu haishuki, ila hiyo nimeimaliza, nimeiga Hacker News (saiti ya linki za teknolojia, nayo ya kura), kura zinagawanywa kwa umri wa habari so ikizeeka inazama yenyewe. Kinachoninyima usingizi ni vijana kama sita hivi wanapigiana kura, wakiamka asubuhi ukurasa wa mbele wote wao. Nikifunga kwa IP (namba ya mtu kwenye mtandao) nitafungia mtaa mzima maana hapa laini za simu wengi wanatokea na IP moja. Jamaa anasema tubadilishe mfumo wote, mimi naogopa, Digg, saiti nyingine ya kura za habari, walifanya hivyo 2010 watu wakakasirika wakahamia Reddit, na sisi hata watu 300 hatujafika!

Nifiche idadi ya kura? Au kura ya mtu mpya iwe na uzito mdogo? Aliyewahi kupambana na hii kitu anisaidie tafadhali.