Pretty Hate Machine ya Nine Inch Nails: nyie mnaipendea nini hasa?

Kivuli_Mweusi:

Wakuu habari za leo. Nina swali kwa wale wanaosikiliza rock nzito ya mashine, industrial, gothic (ule muziki wa giza na huzuni) na jamaa zake, najua humu mpo ingawa hamjitokezi sana.

Mimi Nine Inch Nails nimewajua kama wengi wa rika langu, nilisikia kwanza Johnny Cash akiimba Hurt, nikawatafuta wenye wimbo, nikaangukia The Downward Spiral ya 1994 na hapo ndo nikanasa. Ile albamu ni nzito, chafu, inakubana kifua mpaka mwisho. Sasa juzi nikaamua nirudi mwanzo kabisa, Pretty Hate Machine ya 1989, nikaisikiliza yote ngoma kumi bila kuruka hata moja, na kwa kweli nimebaki njia panda. Head Like a Hole moto, Terrible Lie moto, Something I Can Never Have imenimaliza kabisa. Lakini nyingi zilizobaki nasikia kinanda cha disko na dramu nyembamba, na kwenye Down in It jamaa anakaribia kurap. Yaani pale nilipotegemea kutishika naona miguu inataka kucheza.

Kwa hiyo nauliza, nyie mliokaa nayo muda mrefu mnaipendea nini? Ni historia tu au ngoma zenyewe bado zinasimama? Na hii kweli ni gothic au watu wanaiita hivyo kwa sababu ya nguo nyeusi? Naomba maoni ya kweli, mtu asinijibu "ni klasiki" halafu akaondoka.


Mzee_wa_Kaseti:

Kijana umeuliza vizuri sana. Nianze na hapo kwenye disko maana ndo penye kila kitu.

Kwanza elewa kwamba hiyo albamu haikutengenezwa na bendi. Trent Reznor, ambaye ndiye Nine Inch Nails mwenyewe, alikuwa mfanyakazi wa kawaida tu kwenye studio ya Right Track pale Cleveland, Ohio, anafagia, anasafisha, anasaidia mafundi mitambo, na mwenye studio akamkubalia atumie vyumba muda ambao hakuna mteja. Kwa hiyo usiku wenzake wamelala yeye yuko na kompyuta ya Macintosh, sampla ya E-mu (mashine ya kunasa vipande vya sauti na kuvicheza upya) na sinthesaiza chache, anapiga kila kitu mwenyewe. Alikosa bendi ya kumpigia alichokuwa anakisikia kichwani, akachukua njia ya Prince ya kujifanyia. Chris Vrenna alimsaidia kwenye kuprogramu, na mwisho wa Sanctified kuna gitaa la Richard Patrick linaunguruma, lakini kwa sehemu kubwa unamsikia mtu mmoja na mashine zake. Kisha zile demo zikamfikisha kwa TVT, lebo ndogo ya kujitegemea, na zikarekodiwa upya na maprodyuza wanne, Flood, John Fryer, Adrian Sherwood na Keith LeBlanc. Hizo mbili ulizoziita moto, Head Like a Hole na Terrible Lie, ndizo zilizopita mikononi mwa Flood, ambaye baada ya hapo alienda kufanya Violator ya Depeche Mode, bendi ya vinanda ya Uingereza. Sasa unashangaa nini ukisikia vinanda vya kuchezeka? Damu ni ileile.

Lakini hapo ndo ninapoipendea mimi. Kabla yake wengi wa industrial walikuwa wanaificha sauti ya mwimbaji, wanaipitisha kwenye mitambo mpaka hujui ni binadamu au redio mbovu. Huyu akaiweka mbele, wazi, na pumzi zake zote. Rudia Terrible Lie taratibu. Kinanda kinapiga pigo moja kubwa halafu kinakata, panabaki nafasi, na ile nafasi ndo jamaa anaongea na Mungu kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kusikika. Likija pigo lingine sauti inapanda. Kufika mwisho anapiga kelele kabisa na mashine haijabadilika hata kidogo, inaenda mwendo uleule. Mtu anavunjika, mashine haijali. Kwenye Downward Spiral mashine nayo inavunjika pamoja naye, ndo maana unaiona nzito zaidi. Ni maumivu ya aina nyingine tu.

Kuhusu gothic, hiyo Something I Can Never Have ilishikwa na John Fryer, mtu wa This Mortal Coil na Cocteau Twins, makundi ya muziki wa ndoto na giza, na inasikika wazi, piano ya noti chache, na chini yake mvumo unaozunguka hautulii. Halafu 1990 walizunguka Marekani wakimfungulia Peter Murphy, yule mwimbaji wa Bauhaus, bendi ya gothic. Kwa hiyo watu wa gothic waliwapokea mapema kabisa, haikuwa habari ya nguo. Hata kava lenyewe litazame vizuri, ni picha ya mapanga ya tabaini yamevutwa kwa urefu mpaka yanafanana na mbavu za mtu.


Nai_Distortion:

Mzee heshima yako, shule umetoa, lakini mimi niko upande wa Kivuli na sitasogea. Nyimbo ni nzuri, rekodi ni nyembamba. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Ushahidi upo. Chukua albamu yao ya laivu ya 2002, And All That Could Have Been, inafungua na Terrible Lie halafu inafuata Sin. Sikiliza Sin pale ikiwa na dramu za mtu anayetoka jasho na magitaa mawili, kisha rudi kwenye ile ya 1989 uniambie kama huoni ilivyopungukiwa. Na si maoni yangu pekee, jamaa mwenyewe jukwaani alikuwa anazipiga kwa fujo ambayo haiko kwenye albamu, tamasha la Lollapalooza la 1991 ndo lililowapa jina, watu walienda kuona vinanda vikivunjwa, halafu wakanunua rekodi. Ndo maana ilikuwa inauza polepole miaka na miaka mpaka ikapata platinamu 1995, jambo gumu sana kwa lebo ya kujitegemea wakati ule.

Na tuseme ukweli kuhusu nusu ya pili. Baada ya Something I Can Never Have albamu inashuka. Kinda I Want To haina kiitikio cha kukaa kichwani, That's What I Get ni malalamiko ya mtu aliyeachwa na hayasogei popote, The Only Time ina besi tamu lakini ni ya kutongoza tu, imekaa vibaya katikati ya huzuni yote ile. Ringfinger inaokoa kidogo mwishoni. Ukiniuliza mimi ni albamu ya ngoma sita kali sana na nne za kujaza. Ngoma sita kali kwa mtu wa miaka 24 bado ni kazi kubwa bana, lakini tusiisujudie.


binti_Pangani:

Kaka zangu mnaongelea mitambo tu, maneno mmeyaacha mlangoni.

Mimi ni mtu wa dini, tena nimekulia kwenye kwaya, na hii ndo albamu ya Nine Inch Nails niliyoishi nayo kuliko zote. Angalia tu majina, Sanctified (aliyetakaswa), Sin (dhambi), Terrible Lie (uongo mbaya). Huyu kijana amekulia mji mdogo wa Mercer huko Pennsylvania, amefundishwa piano ya kusoma noti tangu mdogo, na anatumia maneno ya kanisani kuelezea mambo ambayo kanisani hayasemwi. Terrible Lie watu wanaiogopa wanaona ni kukufuru. Mimi siioni hivyo hata kidogo. Mtu asiyeamini hana sababu ya kumlalamikia Mungu namna ile, ana kwa ana, anauliza kwa nini umeniahidi halafu hukutimiza. Zaburi zimejaa malalamiko ya aina hiyo, tofauti ni kwamba mwenye zaburi mara nyingi anamalizia kwa kushukuru, na huyu hamalizii. Anabaki na swali lake. Nilipofiwa nilihitaji wimbo usiomalizia, na kwaya yetu haikuwa nao.

Head Like a Hole nayo kila mtu anairukia kiitikio anasahau inasema nini, kwamba pesa imewekwa kwenye kiti cha Mungu na watu wanaipigia magoti. Hiyo ukiitoa gitaa unaweza kuihubiri Jumapili.

Na Nai, That's What I Get naitetea. Maneno mengi ya albamu hii yametoka kwenye daftari zake binafsi, hakuyapamba, ndo maana mengine yanasikika ya kitoto. Mtu aliyeumizwa hatoi mashairi yenye vina na mizani, anarudia jambo moja usiku kucha. Anayetaka ustadi ataupata kwenye The Fragile, albamu yao ya baadaye, hapa kuna ukweli mtupu na mimi nauchagua ukweli.


Fundi_Spika:

Mimi nachangia kwa upande wa masikio tu. Kivuli umesikiliza toleo gani na kwa kifaa gani? Toleo la 1989 lina sauti ya juu kavu na chini pamekonda, ukiliweka kwenye spika ya simu utasikia vinanda vya tititi na basi, lazima uone disko. Kuna rimasta ya 2010, yaani toleo lililosafishwa sauti upya, besi imeshuka chini vizuri na vile vitu vidogo vidogo vya nyuma vinajitokeza, pia wameongeza Get Down, Make Love ya Queen ambayo mwanzo ilikuwa kwenye singo ya Sin. Vaa hedifoni za kufunika sikio, zima taa, cheza rimasta kwa sauti ya wastani. Usipandishe sana maana hilo toleo limeshapandishwa tayari, utachoka mapema.

Na Ringfinger kuelekea mwisho tega sikio, amesampo vipande vya Prince na vya bendi ya rock ya Jane's Addiction humo ndani, kavikatakata mpaka huvijui. Hiyo ndo kazi ya usiku anayoisema Mzee.


Kivuli_Mweusi:

Asanteni sana wakuu, na dada hapo juu pole sana kwa msiba, maneno yako nimeyasoma mara mbili.

Nimefanya alivyosema Fundi, rimasta, hedifoni, taa zimezimwa. Terrible Lie na zile nafasi za kimya alizosema Mzee nimezisikia na sasa siwezi tena kutozisikia. Sanctified ndo imenishangaza zaidi, mwanzo niliipita tu, kumbe ile besi inazunguka palepale wimbo mzima na jamaa anaimba kwa upole kabisa kuhusu kitu kinachommaliza, na lile gitaa la mwishoni linakuja kama dalili ya kitu kibaya. Hiyo sasa naiweka pamoja na zile tatu zangu.

Lakini Kinda I Want To hapana, nakubaliana na Nai moja kwa moja. Na The Only Time bado naona imepotea njia, hata kwa besi ile.

Swali la mwisho. Kati ya hii na Downward Spiral kuna ile Broken ya 1992, nimeonja mwanzo wake na ni kama watu wengine kabisa, magitaa matupu, hasira tupu. Kulitokea nini hapo katikati?


Mzee_wa_Kaseti:

Ugomvi na lebo ndio uliotokea hapo. TVT walitaka Pretty Hate Machine nyingine, yenye singo za kuchezwa redioni, wakawa wanaingilia kazi, na yeye hakutaka kuwapa chochote kabisa. Akarekodi Broken kwa siri, anahamahama studio na kutumia majina bandia ili wasijue, mpaka lebo nyingine, Interscope, walipoingilia kati wakapata njia ya kumchukua. Hasira unayoisikia mle ndani ni ya kweli na ina mtu inayemlenga. Pia walikuwa wametoka kwenye miaka ya kupiga laivu mfululizo, hadi kuwafungulia Guns N' Roses Ulaya 1991 mbele ya mashabiki ambao hawakuwataka hata kidogo, kwa hiyo magitaa yalishakuwa sehemu yao tayari.

Anza na Wish, halafu Gave Up, kisha cheza Head Like a Hole palepale bila kupumzika. Nai atakuambia amepata ushahidi mwingine na safari hii sitambishia sana, ila naomba usikilize kwanza jinsi anavyoimba, maana mle kwenye Broken ameanza kujificha nyuma ya kelele, na mimi yule wa mwanzo asiyejificha ndo ninayemrudia.