Ganzi kwa gego dhaifu la mtoto: lidokaini au artikaini?

Mama wa Kisauni
Assalaam aleikum. Binti yangu wa miaka 7, mwenye kilo 20, ana gego la kudumu la taya la chini lililoota likiwa na mabaka ya manjano, na sasa linamegeka. Hata maji ya baridi humfanya ashike shavu. Alidungwa lidokaini, lakini mashine ilipogusa jino alipiga kelele, na kazi ikaahirishwa. Je, artikaini ni bora, na ni salama kwa umri wake?

Daktari wa meno, Tudor
Waaleikum salaam, mama. Binti hakudeka. Enameli, yaani tabaka gumu la nje, ya gego la namna hii ina vitundu vidogo vinavyopitisha baridi na bakteria kuelekea kwenye kiini cha jino chenye neva, ambacho hukaa kimevimba, na ganzi hukolea kwa shida mahali penye uvimbe.

Lidokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini bado ni dawa nzuri, na kwa magego ya juu sioni sababu kubwa ya kuiacha. Artikaini, ambayo huwa ya asilimia 4, hupenya mfupa vizuri zaidi, kwa hiyo katika taya la chini sindano ya fizi upande wa shavu mara nyingi hutosha, na mtoto huepushwa na ile ya nyuma ya taya inayowatisha wengi. Haipendekezwi kwa walio chini ya miaka 4. Hata hivyo lazima ipimwe kwa uzito: katriji, yaani kichupa cha dawa ya sindano, ya mililita 1.7 ina miligramu 68, na baadhi ya miongozo huweka ukomo wa miligramu 5 kwa kila kilo kwa mtoto, yaani 100 kwa binti yako, hivyo katriji ya pili haimalizwi.

Mimi ningeanza kwa kulituliza jino kwa floridi na kifuniko cha muda cha glasi ionoma, aina ya simenti ya meno, kisha nirudi kulitibu likiwa limepoa.

Muuguzi, Likoni
Mdomo hubaki na ganzi kwa saa kadhaa, na watoto huutafuna bila kuhisi. Asile kitu cha kutafuna, hata mahamri, mpaka ganzi iishe.

Mama wa Kisauni
Ahsanteni sana. Daktari, kifuniko hicho nacho kinahitaji sindano?

Daktari wa meno, Tudor
Kwa kawaida hapana, mama, kwa sababu jino halichimbwi. Husafishwa taratibu na kufunikwa.