Mzigo mzito wa bandari ya Tanga: tuupandishe treni kwa lazima?

Mtoa mada: Wanajamvi, salaam. Zamani meli ikija Tanga ilitia nanga kama kilomita 1.7 kutoka gatini, mzigo ukaletwa kwa matishari. Sasa kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, meli zinafunga kamba gatini penyewe, na malori yanazidi kujipanga kuelekea Segera. Ilhali reli tunayo, Wajerumani waliianza 1893, leo inafika Moshi na Arusha. Msimamo wangu: mbolea, ngano na chochote cha kwenda kaskazini kwa wingi kipande behewa kwa sheria. Barabara inauawa na uzito wa ekseli, yaani mzigo unaobebwa na kila mhimili wa magurudumu, kuliko wingi wa magari. Majaribio ya Ottawa, Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960, yalionyesha madhara hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito. Maana yake ekseli ya tani 10 inaumiza lami karibu mara mbili na nusu ya ile ya tani 8. Bili hiyo tunailipa wote, hata wa bodaboda.

Mama Matrela: Kaka, mizani imewekwa ya nini? Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inasema mwisho tani 56, gari na mzigo wake, nikizidisha napigwa faini. Halafu behewa halifiki ghalani Same. Stesheni unakodi lori jingine, unafaulisha, vibarua mara mbili, mifuko inachanika. Na kuna jambo hamlitazami: gari langu likipanda na mbolea, linashuka na vitunguu kwa bei inayokaribia ya dizeli tu, maana kurudi tupu ni hasara zaidi. Ninyang'anye mzigo wa kupanda uone, mkulima wa vitunguu ndiye atakayelipa nauli ya pande zote mbili.

Utingo Mstaafu: Mama kasema. Rwanda ilipoacha kupanga nauli za malori 1994, zilishuka karibu asilimia 75 ukiondoa mfumuko wa bei; imo kwenye utafiti wa Benki ya Dunia wa 2009. Mwenye behewa akijua huna pa kukimbilia, bei itakwenda wapi?

Mtoa mada: Hilo la vitunguu limenibana. Basi tuiache lazima, tutoze kila lori kwa uzito wa ekseli na kilomita. Reli ikiwa nafuu, mzigo utaifuata wenyewe.

Mama Matrela: Taja kiwango kwanza, ndipo nikuambie kama nalipa au nauza gari.