Chakula chetu na shifti za usiku (jibu kwa dada wa Leicester)

Assalam alaikum jamaa zangu. Dada yetu aliuliza mbona akiwa huko Uingereza anaishia kula chipsi kila siku na wali wa nazi anaupenda, nikasema nisimjibu haraka maana mimi mwenyewe miaka sita nimekula hivohivo. Sasa niko Lamu likizo, wiki ya tatu, ndo nimeyaona mambo vizuri.

Dada, huo si uvivu. Ukitoka shifti saa tano usiku unakula kilicho tayari, na njiani kilicho tayari ni kuku wa kukaanga. Huku mtaa wa Langoni pia watu hawachagui sana. Alfajiri jirani ashatoa mahamri na mbaazi za nazi mlangoni, nani atawasha jiko? Alafu kuna pepo za msimu. Mwezi huu wa nane kusi inavuma, bahari imechafuka, vyombo vidogo havitoki nje, samaki ni wachache na bei iko juu, basi nyumba nyingi ni maharagwe na mchicha mpaka kaskazi irudi.

Lililoniuma ni la nyumbani kwetu. Mama ana sukari, mwaka wa nne huu, na kila mwezi namtumia pesa ya chakula. Kufungua friji nakuta chupa tisa za soda na boflo tatu. Nikapandisha sauti, Mungu anisamehe. Akaniambia polepole, "Mwanangu, wageni wakija kwa mama wa mtu alioko Ulaya niwape maji ya ndimu?" Nikanyamaza. Kumbe ile pesa yangu ndo imeleta soda, ni heshima anatafuta, na wageni wakishaondoka zilobaki anakunywa nani? Samaki naye hapati kwa sababu kijana anaemtuma anafika sokoni saa nne, wazuri washaisha.

Sasa mvuvi wa mtaani namlipa kwa wiki, anamwekea mama samaki wake, changu, kabla hajapeleka sokoni, kusi ikizidi anamwambia mapema anunue kunde. Wageni wanapewa maji ya ukwaju kwenye yale magilasi mazuri ya kabatini, na hakuna alolalamika. Mama anakunywa yake bila sukari.

Na watoto, dada, usikate tamaa. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa akisema wali wa nazi unanuka. Juzi nyanya yake kamkalisha kwenye mbuzi ya kukunia, akakuna nazi nzima, vidole vyeupe, akakamua tui la kwanza na la pili mwenyewe, na ule wali aliongeza mara mbili. Kwa hivo siku yako ya ofu pika nao mbaazi nyingi, gawa kwenye vikopo vya mlo mmojammoja, tia friza, ili hiyo saa tano ya usiku kilicho tayari kiwe hicho.

Narudi Jumapili ijayo. Nabeba mbuzi moja kwenye begi, na nafasi ya nyingine mbili ipo, anaetaka aniambie kabla ya Alhamisi nikamwone fundi.