Tupeane uzoefu: shamba lako likipakana na msitu wa ngagi, yaani gorila wa milimani (Uganda, Kongo, Rwanda)

Mama Mgombani, Rubuguri
Hamjambo wana ukingo. Kuna picha inazunguka tangu juzi: ngagi jike ameketi katikati ya migomba, ameshika shina lililopasuliwa kama muwa, mtoto mgongoni. Watu wa mjini wanabonyeza mioyo tu. Sisi wa ukingoni tunajua nje ya picha kuna mwenye shamba anahesabu mashina yaliyolala chini. Naomba wanaojua watoe: gorila akiingia shambani inafanywa nini, hatua kwa hatua, na kitu gani huharibu mambo? Bwindi na Mgahinga (Uganda), Sarambwe na Virunga (Kongo), Kinigi (Rwanda), karibuni nyote.

Kengele ya Nkuringo
Dada, picha hiyo imegusa penyewe. Kazi hii hufanywa na HUGO, vikosi vya wanakijiji wanaojitolea kurudisha gorila msituni, na utaratibu wake ni huu.

Kwanza elewa anafuata nini. Si ndizi. Anataka moyo wa shina, ule mweupe wenye maji. Analivuta shina mpaka lianguke, anachana maganda ya nje kwa meno, anakula kiini. Ndiyo maana hasara huzidi mlo: mgomba wenye mkungu mchanga unaangushwa kwa matonge machache. Mikaratusi nayo huambuliwa gamba kwa ajili ya chumvichumvi iliyomo, kwa hiyo ukikuta mti umevuliwa gamba usikimbilie kulaumu mbuzi wa jirani.

Sasa kumrudisha. Hesabu kwanza: wako wangapi, dume mgongo-fedha yuko wapi, mama mwenye mtoto yuko wapi. Halafu jipangeni nusu duara upande wa shamba, msitu ukiwa wazi mbele yao. Hapa ndipo wengi hukosea. Wakija majirani thelathini na masufuria wakafunga mduara, ngagi hana pa kutokea, na dume atafungua njia kwa kupita juu ya mtu. Sogeeni polepole, sauti ya chini, kengele, kupiga vijiti kwenye majani. Simameni, mpeni nafasi ateremke, kisha sogeeni tena. Hakuna mawe, hakuna panga juu, hakuna mbwa, hakuna kukimbia.

Dume akikurukia, mara nyingi anapima. Inama, shusha macho, mikono chini, baki hapo hapo. Anayegeuka na kukimbia ndiye anayeng'atwa.

Na mwenye mafua asiende, hata awe hodari namna gani. Umbali wa wageni ulikuwa mita 7, baada ya korona ukawa 10 pamoja na barakoa. Mkulima naye ana mapafu yale yale ya mgeni.

Kijana wa Butogota
Hapo kwenye nusu duara, mzee, umesema kweli tupu.

Fundi Mizinga
Mbona mbwa mnawakataa? Mbwa wawili wakali wanamaliza kazi mapema, watu walale.

Kengele ya Nkuringo
Ndugu yangu, hapana. Mbwa msituni ni wa mwindaji, huvishwa kengele shingoni ili mwenyewe amfuate. Dume akisikia mbwa hapimi tena, anapigana. Na mbwa ana magonjwa yake.

Shangazi wa Kisoro
Kengele ya mbwa! Mmenikumbusha Rafiki, na wadogo humu huenda hawaijui habari yake vizuri.

Rafiki alikuwa dume mgongo-fedha wa kundi la Nkuringo, umri kama miaka 25, kundi la ngagi 17 lililozoea watu. Tarehe 1 Juni 2020 alionekana hayupo na wenzake. Kesho yake akakutwa amekufa ndani ya msitu. Uchunguzi ukaonyesha jeraha la kitu chenye ncha kali, limeingia upande wa kushoto wa tumbo la juu mpaka ndani. Tarehe 4 akakamatwa mtu kijijini akiwa na nyama ya nguruwe mwitu, mkuki, mitego ya kamba na ya waya, na kengele ya mbwa. Maelezo yake: walikwenda kutafuta wanyama wadogo, wakakutana na kundi, dume akawavamia, akajitetea kwa mkuki. Julai mahakama ikampa miaka 11.

Tazameni mnyororo wenyewe. Hakuna aliyekwenda kuwinda gorila. Walifuata nguruwe. Lakini ngagi aliyezoeshwa watu, kazi inayochukua miaka miwili na zaidi ya kumwendea kila siku, haogopi mwenye mkuki kama asivyomwogopa mwenye kamera. Tumemwondolea woga sisi wenyewe, kwa hiyo kumlinda ni deni letu. Na ule ulikuwa mwezi wa korona: hakuna wageni, wabeba mizigo hawana siku ya kazi, nyama sokoni haishikiki bei.

Kijana wa Butogota
Rafiki. Inauma mpaka leo.

Bunagana Moja
Hata huku upande wa Kongo tulilia. Ngagi hana pasipoti, wa Bwindi wanaingia Sarambwe wanarudi.

Mkulima Kinigi
Kweli. Kundi la Hirwa lilitoka Rwanda likaingia Mgahinga Agosti 2019, na Februari 2020 wanne wakafa, ilionekana kwa radi. Idadi ikiwa ndogo, dhoruba moja ni msiba. Sensa ya 2018 ilitoa 459 kwa Bwindi na Sarambwe, na safu ya Virunga, nchi zote tatu pamoja, ilihesabiwa 604. Jumla 1,063, hao ndio ngagi wote wa milimani waliokuwa duniani.

Fundi Mizinga
Tuseme ukweli basi, mitego mingi si ni ya Batwa, wale wenyeji wa asili wa msitu?

Shangazi wa Kisoro
Usiseme hivyo, mwanangu, na usiiache ikae hapa bila jibu. Batwa walitolewa msituni hifadhi zilipotangazwa 1991, bila ardhi. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda imesema walistahili fidia. Mtego wa nguruwe hutegwa na yeyote mwenye waya na njaa, au mwenye waya na mteja. Kumrundikia mtu asiye na shamba makosa ya kijiji kizima ni dhuluma.

Fundi Mizinga
Nimekusikia, shangazi. Naliondoa neno hilo.

Doria
Kwa kuwa mitego imetajwa. Ukiukuta msituni, usikimbilie kukata ule mti uliopindwa. Umebeba nguvu kama upinde, ukikata huku umeinama juu yake unakupiga usoni. Mwenzako aukandamize kwa mikono miwili, wewe fyatua kitanzi kwa fimbo ndefu, acheni mti unyooke polepole, ndipo mkate waya. Waya uondoke msituni kabisa, ukiachwa hapo utategwa tena kesho. Kisha tembeeni mkizunguka: mtego mmoja huwa na ndugu zake kwenye njia ile ile ya funo. Ishara ni kichaka kilichokatwa kwa panga kwenye usawa wa goti na matawi yaliyopangwa kama uzio mdogo wa kumwelekeza mnyama.

Ngagi mkubwa huukata kwa nguvu. Mtoto hawezi; waya unakaza mkononi, nyama inavimba juu yake, damu haipiti, vidole vinakufa. Hapo ni daktari wa wanyama na sindano ya usingizi, na dume anatakiwa azuiliwe mbali muda wote huo. Lakini jambo la kushangaza: mwaka 2012, Rwanda, watafiti wa kituo cha Karisoke waliwaona ngagi wawili wa miaka kama minne, Rwema na Dukore, wakivunja mtego wao wenyewe. Mmoja aliurukia mti uliopindwa akauvunja, mwingine akaitoa kamba. Siku chache tu kabla yake mtego ulikuwa umemuua mtoto wa kundi lao.

Mama Mgombani, Rubuguri
Mwili umesisimka. Lakini turudi shambani, jamani, msimu unakuja. Nipande nini pale ukingoni?

Mtu wa Majani
Chai. Ngagi haili, nyani haili, nguruwe haili. Ukanda wa Nkuringo, urefu wa kilomita 12 na upana mita 350, ulitengwa kwa hesabu hiyo hiyo, kwamba kati ya msitu na chakula pawe na kitu kisichowavuta. Panda sentimita 120 kwa 60, miche karibu 13,900 kwa hekta.

Kijana wa Butogota
Chai haiendi jikoni. Mwenye ekari moja akipanda yote chai, watoto wanakula nini miaka mitatu kabla ya kuchuma?

Mtu wa Majani
Hakuna aliyesema shamba lote. Mistari ya ukingoni tu.

Kijana wa Butogota
Na jani lifike kiwandani siku hiyo hiyo. Mvua ikikata barabara, gunia linapata joto katikati, jani linageuka jekundu, linakataliwa mizani ikitazama. Tena kiwanda kinakausha kwa kuni za mikaratusi, na mikaratusi ndiyo hiyo ngagi anaiambua. Unafunga mlango huu unafungua ule.

Mtu wa Majani
Basi gunia lisishindiliwe, tumia kapu la kusuka lenye hewa, na mkaratusi upandwe mbali na msitu. Ubaya wa barabara si ubaya wa chai.

Mkulima Kinigi
Pareto pia hailiwi. Lakini tukumbuke bei yake: mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu hekta 10,000 za hifadhi ya volkano upande wa Rwanda zilifyekwa kwa ajili ya pareto hiyo hiyo. Ukingo tunaougombania leo ulikuwa msitu.

Sisi tatizo kubwa ni nyati, anashuka usiku kwenye viazi. Dawa ni ukuta wa mawe. Jinsi unavyokaa imara: mawe ya volkano bila saruji, chini mapana kama mita moja, yakipungua kwenda juu, makubwa pande mbili na madogo yakijaza katikati. Kila jiwe lilalie mawili ya chini yake. Ukipanga jiwe juu ya jiwe kwa mstari ulionyooka, umejenga ufa. Ukuta huu hauvunjwi na nyati, unavunjwa na mtu anayetoa mawe matatu apite na dumu la maji. Mvua moja, pale paliporegea panaporomoka, na nyati wanapafahamu wiki hiyo hiyo. Tembo naye akiamua kupita, anausukuma tu.

Mwana Gombe
Na ua wa miiba ya Morisi, wakubwa? Huku Kigoma tunausikia tu.

Doria
Nguruwe unamzuia, nyani na ngagi hapana, wanapita juu. Mistari miwili iliyopishana, pogoa kila msimu la sivyo unakuwa mrefu juu na wazi chini, na nguruwe hupita chini. Usiupande usipokuwa na mikono ya kuutunza, unasambaa mpaka unakula shamba.

Fundi Mizinga
Mizinga basi! Nyuki hawapogolewi.

Shangazi wa Kisoro
Nyuki ni wazuri kwa asali, na Bwindi wanakijiji wanaruhusiwa kuweka mizinga maeneo maalumu, pia kuchuma dawa na kamba za kusukia kama omujega. Hiyo omujega ndiyo inayosuka engozi, machela yetu: wanne wanabeba, wengine wanapokezana, mgonjwa anafikishwa barabarani hata usiku. Inakua taratibu mno, kwa hiyo huchumwa kwa zamu na kwa kiasi, ukikata mzizi umeua machela ya mjukuu wako. Hayo ndiyo mambo ya kuyasisitiza tukizungumza na hifadhi, pamoja na ile asilimia 20 ya viingilio inayotakiwa kurudi vijijini.

Na maji. Kisoro mwamba wa volkano unanyonya mvua yote, kiangazi cha Juni mpaka Agosti watu wanaingia Mgahinga na madumu. Hesabu ya tangi ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 1,000, toa sehemu ya tano inayopotea, ni lita 32,000 kwa mwaka. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwage, ina vumbi na kinyesi cha ndege. Nyumba yenye tangi haina haja ya kuruka ukuta.

Bunagana Moja
Bandugu, hapa Rutshuru vita yetu ni makala, yaani mkaa. Goma inapika kwa makala, na mti rahisi ni wa Virunga. Mwenye mikaratusi yake mwenyewe anaharibu kwa haraka tu: anachoma mbichi. Kuni zikauke kwanza, tanuru lifunikwe majani halafu udongo kama sentimita 15 hadi 20. Moshi mweupe mzito ni maji, ukigeuka mwembamba wa buluu funga matundu yote. Ukilala tundu likafunguka unaamkia jivu. Kilo 100 za kuni kavu zinatoa kilo 10 hadi 20 tu, na kila tanuru lililoungua ni miti mingine tena.

Daktari Ndogo
Jambo moja hamjaligusa na ni la hatari kuliko yote. Zile sanamu za kutisha nyani shambani, zilizovishwa shati kuukuu. Ngagi ni mdadisi, analishika, analinusa, mtoto analivaa kichwani. Mwaka 1996 upele uliingia kundi moja la Bwindi, nywele zikanyonyoka, mtoto akafa, na chanzo kilielekezwa kwa watu. Kwa hiyo: hakuna nguo shambani, hata kitambaa cha jasho kwenye uzio. Tumieni makopo ya bati yanayogongana. Na choo: ukibanwa karibu na msitu, chimba sentimita 30 ufukie.

Mama Mgombani, Rubuguri
Sanamu la shati kuukuu liko katika kila shamba la mtaa huu. Leo jioni yanatoka. Swali la mwisho: migomba iliyopasuliwa je, ing'olewe?

Kengele ya Nkuringo
Usiing'oe, dada. Kata shina mshazari kwenye usawa wa goti ili maji yasituame, acha chipukizi moja lenye majani membamba kama upanga, mengine toa. Mashina yaliyolala yakate vipande, yatandaze kuwa matandazo upande wa nyumbani, si upande wa msitu. Kwa baridi yetu mkungu utauona baada ya mwaka na zaidi. Na kabla hujagusa chochote, mwite mtu wa HUGO ahesabu mashina na kuandika.